Si Kila Plaisi ya Kukunja ni "Swiss": Maltituli Zenye Hujawahi Skia Jina, na Venye Utazitambua Toi na Kawangware

Piga raundi Toi Market, ile upande ya kuingia Kibera, ama zunguka Kawangware kuanzia 46 hadi 56. Kati ya chaja kuukuu, rimoti bila betri na kufuli bila funguo, hukosi kuona chuma fulani imekunjwa kama panzi. Muulize mwenye gunia hiyo ni nini. Jibu huwa moja: "Hiyo ni Swiss, buda. Orijino."

Shida ni kwamba kila kitu yenye inajikunja mtaani inaitwa Swiss. Iwe imetoka Marekani, Taiwan ama Uchina, jina ni hilo hilo. So mtu anauziwa feki kwa bei ya kamera, na siku ingine mtu anaachilia chuma ya maana kwa jirongo moja juu hajui ameshika nini. Kwa mse wa mjengo, fundi wa stima ama jamaa wa nduthi, hiyo tofauti si mchezo. Kisu ikijifunga vibaya inakula kidole, na kidole ikienda, kazi imeenda nayo.

Hapa tumekuwekea majina zenye hazijulikani sana, venye zinalinganishwa, na venye unaweza kuanza kukusanya bila kuumiza mfuko.

Hii kitu ni nini hasa?

Maltituli ni kifaa moja yenye imebeba kazi ya vifaa kadhaa, na inakunjika iingie mfukoni. Kuna familia tatu kubwa.

Ya kwanza ni kisu ya mfuko yenye imeongezwa vitu: bisibisi, kifungua kopo, mkasi, msumari wa kutoboa ngozi. Hii ndio Swiss ya ukweli.

Ya pili ni plaisi ya kukunja. Hapa plaisi ndio mwenye nyumba, halafu kisu, tupa na bisibisi ni wapangaji kwa mikono yake.

Ya tatu ni vitu vidogo vya kazi maalum: za baiskeli, za kuning'inia kwa funguo, na zile bapa za kukaa kwa waleti kama kadi.

Jua hizi tatu na tayari umeshapita wauzaji wengi.

Ilianzia wapi?

Mwaka wa 1891 jeshi la Uswisi lilianza kupewa kisu yenye ilikuwa na makali, msumari wa kutoboa, kifungua kopo na bisibisi. Bisibisi haikuwa ya urembo. Askari alihitaji kufungua bunduki yake aisafishe. Cha kuchekesha, zile za kwanza zilitengenezewa Solingen, Ujerumani, juu hakukuwa na kiwanda Uswisi yenye ingeweza kutoa nyingi hivyo. Karl Elsener, fundi wa visu kutoka Ibach, akachukua hiyo kazi akairudisha nyumbani. Tarehe 12 Juni 1897 akasajili kisu ya maofisa, nyepesi na yenye vifaa zaidi. Hiyo ndio babu ya ile nyekundu unaijua. Kampuni yake leo inaitwa Victorinox: Victoria lilikuwa jina la mamake, na inox ni chuma isiyoshika kutu.

Plaisi ya kukunja ilikuja baadaye sana. Mwaka wa 1975 Mmarekani Tim Leatherman na bibi yake walikuwa wanazunguka Ulaya na Mashariki ya Kati na Fiat mzee yenye ilikuwa inaharibika kila siku. Alikuwa na kisu ya mfuko, lakini kila saa alikuwa anatamani plaisi. Akiwa hotelini Tehran, akaanza kukata karatasi ngumu akijaribu kuunda kile alikuwa anafikiria. Akarudi kwao, akapambana miaka, kampuni zikamkatalia. Mwaka wa 1983 ndio ya kwanza iliingia sokoni. Wao walikuwa wamepanga kuuza 4,000 mwaka wa kwanza. Zikaenda karibu 30,000.

Hiyo stori kila hasla wa Gatwekera ama Gatina anaielewa: gari mbovu ndio ilizaa biashara.

Majina zenye unafaa kujua

1. Wenger. Hii ndio Swiss yenye watu wengi hawajui. Tangu 1908 jeshi la Uswisi lilikuwa linagawa kazi kati ya kampuni mbili: Elsener na Wenger wa Delémont. Mwaka wa 2005 Victorinox ikainunua Wenger, na baadaye visu vya jina hilo vikaisha. Venye utatofautisha: msalaba wa Victorinox umekaa ndani ya ngao, na wa Wenger umekaa ndani ya mraba wenye kona zimezungushwa. Mkasi wa Wenger pia una meno madogo kwa makali ndio kitu isiteleze. Ukiona hiyo alama kwa gunia, usiitupe. Haitengenezwi tena kwa hilo jina.

2. Leatherman PST. Ile ya kwanza kabisa, ya 1983, na iliendelea hadi 2004. Ni nyembamba, ina urefu wa kama sentimita 10 ikiwa imefungwa na uzito wa gramu 140 hivi. Ubaya wake ni mbili. Makali yake hayana loki, na mikono ni bati imekunjwa, so ukifinya kwa nguvu inakuingia kiganjani. Lakini kwa mkusanyaji, hii ni baba wa wote. Nyingi za miaka ya mwisho zina nambari nne zimegongwa ndani ya mkono: mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

3. Schrade Tough Tool. Imperial Schrade ilikuwa kampuni ya zamani ya visu huko Ellenville, New York. Ilifungwa 2004, jina likauzwa, na bidhaa zikaanza kutoka Uchina. Kwa hivyo soma maandishi kwa makini. Ikiwa imeandikwa Schrade na U.S.A., hiyo ni ya kabla kiwanda ifungwe. Ikiwa imeandikwa China, ni ya baadaye. Jina ni moja, lakini hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

4. Gerber Multi-Plier. Gerber inatoka Portland, mji ule ule wa Leatherman. Tofauti yake ni kwamba plaisi haizungushwi. Inateleza kutoka ndani. Unapiga mkono mara moja, kichwa kinatoka kwa mkono mmoja. Kwa mtu ameshika ngazi na mkono ule mwingine, hiyo ni maana. Faida ingine: ukifinya, upande laini ndio unakaa kwa kiganja. Cheki tu kama vile vitufe vya kushikilia kichwa bado vina springi. Vikichoka, kichwa kinarudi ndani ukiwa kazini.

5. SOG PowerLock. Hii ina meno ya gia pale plaisi inapoungana na mikono. Hizo gia zinaongeza nguvu, so unafinya kidogo na inauma sana. Vifaa vyake vyote vinaloki, na unaweza kufungua nati zake ubadilishe vya ndani. Ubaya ni kwamba gia zikijaa mchanga wa mjengo, zinasaga. Inataka kusafishwa.

6. Leatherman Crunch. Ndugu asiyejulikana. Badala ya plaisi ya kawaida, hii ina vaisgripi: unafunga, inashika yenyewe, unaachilia mikono. Ni ya kukunja na inaingia mfukoni. Kwa fundi wa mifereji mwenye anapambana na nati imekulwa, hii ni rafiki.

7. Victorinox SwissTool. Swiss lakini ya plaisi. Vifaa vyote vinafunguka kutoka nje bila kufungua plaisi kwanza, na vinaloki. Uzito ni karibu gramu 280, so kwa mfuko wa suruali utajua iko. Kuna mdogo wake, Spirit, mwepesi na mikono imepinda kidogo ifuate kiganja.

8. Utili-Key ya Swiss+Tech. Hii ndio inachanganya watu zaidi. Ina jina la Swiss lakini ni ya kampuni ya Marekani. Ikikunjwa inakaa funguo kabisa, inaning'inia na zile zingine. Ndani kuna kikisu kidogo, bisibisi na kifungua chupa. Haiwezi kazi ngumu, lakini ni ndogo hadi unaisahau.

9. Topeak Alien. Kutoka Taiwan, ya baiskeli. Imejaa elenki za saizi tofauti na kile kifaa cha kukata na kuunga cheni. Jina lake litachekesha wasee wa gereji, juu wengi tayari wanaita elenki "alien key". Kwa jamaa wa baiskeli, hii inashinda Swiss yoyote.

10. Ganzo, Roxon na NexTool. Hizi ni za Uchina, na hapa tusikosee: kutoka Uchina si sawa na kuwa feki. Mji wa Yangjiang, mkoa wa Guangdong, unatengeneza visu na mikasi kwa wingi sana, na hizi kampuni zinaweka jina lao bila kuiba la mtu. Feki ni ile imeandikwa jina ya wenyewe. Hizi ni bidhaa halali, na kwa doo kidogo zinafanya kazi.

11. Bisibisi ya nduthi. Ndio, ile ya kugeuza. Pikipiki ikiwa mpya huja na kapochi kadogo chini ya kiti: spana kadhaa, spana ya plagi, na bisibisi yenye unachomoa chuma unageuza, upande moja bapa, upande mwingine msalaba. Hiyo pia ni maltituli, ya mwananchi, na hakuna mtu anaikusanya. Seti kamili ya pikipiki nzee, na kapochi yake, ni ngumu kupata kuliko unavyodhani, juu vifaa hupotea moja moja.

Gani inafaa nani?

Mjengo. Kama unavuka James Gichuru kila asubuhi kwenda kusaka kazi Lavington ama Kileleshwa, unataka plaisi yenye loki na tupa. SwissTool, SOG ama Leatherman za baadaye kama Super Tool ya 1994 na Wave ya 1998. PST iache nyumbani.

Nduthi. Hapa tuongee ukweli. Plaisi haifungui nati. Inakula kona za nati hadi hata spana inashindwa. Nduthi inataka spana za 10, 12 na 14 kwanza, halafu plaisi ya kukunja ya kukata waya na kuvuta kebo ya klachi. Maltituli ni msaidizi wa spana.

Simu na redio. Kisu ndogo ya Swiss yenye bisibisi nyembamba, ama Leatherman Micra, yenye katikati yake ni mkasi na si plaisi.

Jikoni na kibanda. Kifungua kopo na kisu moja kali. Usilipie vifaa 20 kama utatumia mbili.

Stima. Soma hii mara mbili. Maltituli karibu zote ni chuma tupu mkononi. Hakuna plastiki ya kuzuia umeme. Stima ya Kenya ni volti 240, na ile ya sambaza haina swichi ya kuaminika yenye ungezima. Usishike waya wenye moto na hii kitu, hata kama uliona mtu akifanya akaishi. Tumia tester na plaisi yenye mikono imefunikwa kwa kazi hiyo.

Venye utashtukia feki

Muuzaji akikuangalia, fanya hizi taratibu bila kelele.

Soma maandishi. Orijino imeandikwa safi, herufi zimelingana na spelingi iko sawa. Herufi moja ikiongezwa ama ikipotea, rudisha.

Angalia mwanga. Funga mdomo wa plaisi uuelekeze kwa jua. Ncha zinafaa kukutana. Mwanga ukipita kwa ncha, haitashika waya mwembamba.

Kata karatasi. Weka karatasi kwa sehemu ya kukata waya ufinye. Ikikata safi, makali yanakutana. Ikitafuna, yameisha.

Tikisa. Fungua kisu ushike kwa ncha ya mgongo, sukuma kando. Ikicheza sana, msumari wake umechoka.

Jaribu loki. Kisu ikiwa wazi na vidole viko mbali na makali, gonga mgongo wake polepole kwa meza. Ikijifunga, hiyo si loki, ni mtego.

Tumia sumaku. Toa sumaku kwa spika ya redio iliyokufa. Makali ya chuma ngumu kama ile ya Leatherman hushikwa na sumaku. Kama makali hayashikwi kabisa, kuna uwezekano ni chuma laini ya sufuria ama zinki ya kumiminwa. Lakini usidanganyike: hata chuma mbaya inaweza kushikwa. Sumaku inakuambia gani ya kukataa, haikuambii gani ya kununua.

Gusisha tupa. Ukiruhusiwa, pitisha tupa ndogo mahali hapaonekani. Ikiuma kama kwa msumari wa kawaida, chuma ni laini. Ikiteleza, chuma imechomwa vizuri. Victorinox inafikisha makali yake ugumu wa karibu 56 kwa kipimo cha Rockwell. Hauhitaji mashine kujua, tupa itakuambia.

Kukusanya bila kuumia

Chagua mada moja. Ukitaka zote, utakuwa na gunia la chuma na bibi amekasirika. Unaweza kusema: nakusanya za viwanda vilivyofungwa tu. Hapo unaanza na Wenger na Schrade ya zamani. Ama: nakusanya zenye plaisi inateleza. Mkusanyiko ukiwa na swali, unakuwa na maana.

Weka daftari. Andika jina, maandishi yote yaliyogongwa, mahali ulinunua, tarehe, bei na nini imekosekana. Baada ya kumi hivi, utaanza kuona bei ya kweli ya mtaa, na hakuna mtu atakuchezea.

Usipige msasa. Wengi wakipata chuma ya zamani wanaikimbiza kwa grainda ing'ae. Hapo umefuta maandishi, na maandishi ndio yalikuwa pesa. Fungua vifaa vyote, osha na maji ya vuguvugu na sabuni, sugua na mswaki mzee, kausha kabisa, halafu tone la mafuta kwa kila bawaba. Mafuta ya cherehani yanatosha. Kama kisu inakata chakula, tumia mafuta yenye ni salama kwa chakula. Ya kupikia hugandana yakawa gundi, na oili chafu ya gari inabeba mchanga wa kusaga bawaba.

Zuia unyevu. Nyumba ya mabati hutoa jasho usiku, hasa msimu wa mvua. Usiziweke kwa mfuko wa ngozi, juu ngozi hushika maji. Mkebe wa plastiki wenye kifuniko, na kitambaa kikavu ndani, ni fiti.

Uliza garanti. Leatherman hutoa miaka 25, na Victorinox hutoa ya maisha kwa kasoro ya kiwanda. Hesabu tu gharama ya kutuma kabla ufurahie, isije ikapita bei ya kifaa.

Karao wakikusimamisha

Kubeba kifaa cha kazi si kosa, lakini mazingira yanaongea. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinagusa mtu anayepatikana na silaha hatari katika hali inayoonyesha ana nia ya kutenda kosa kubwa. Kisu kwa begi ya fundi saa mbili asubuhi, pamoja na spana na tepu ya kupima, ni stori moja. Kisu ile ile kiunoni saa nane usiku ni stori ingine. Beba na vifaa vyako vingine, iwe imefungwa, na ukiulizwa jibu kwa upole.

Ya pili ni kununua kitu ya wizi. Kifungu cha 322 kinaadhibu mtu anayepokea mali akijua ama akiwa na sababu ya kuamini imeibwa, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Kwa hivyo mtu akikufuata kichochoroni na SwissTool mpya akitaka soo tatu haraka haraka, jiulize mwenyewe yuko wapi. Nunua kwa mtu mwenye kibanda, lipa na M-Pesa, na usifute ile meseji. Ina jina, saa na pesa. Hiyo ndio risiti ya mtaa.

Na kama unapanda ndege, weka kwa mzigo unaoingia chini. Ukienda nayo mkononi, itabaki kwa ndoo ya askari wa uwanja.

Maswali ya haraka

Yenye vifaa vingi ndio bora? Hapana. Kila kifaa kinaongeza uzito na kinapunguza unene wa kile kingine. Hesabu vile utatumia wiki hii, si vile vimeandikwa kwa boksi.

Zile kadi bapa za waleti? Ni za kufungua soda na kukaza skrubu ya miwani. Kona zake zinakula waleti.

Iliyovunjika nichukue? Chukua kama ni bei ya chuma chakavu na ni ya aina unayo tayari. Itakupa spea: springi, mkasi, kile kijiti cha meno chenye hupotea kwanza.

Naanzia wapi? Toi, asubuhi mapema, kabla kamera zichaguliwe. Hilo soko liliteketea kwa vurugu za mapema 2008 likasimama tena, na wauzaji wake wanajua bei ya kila kitu isipokuwa hizi chuma za kukunja. Enda na sumaku, karatasi moja na daftari. Na ukiambiwa "hiyo ni Swiss", geuza uangalie msalaba uko ndani ya nini.